Nakunda Aliyefundishwa Kukimbia Peku

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Na mlima!"

"Na mlimani pana nini?"

"Pana njia!"

"Na njiani yuko nani?"

"Tuambie wewe!"

Haya, nawaambia, ila leo msitarajie kucheka. Na wewe unayetafuna muhindi huko nyuma, tafuna taratibu, nataka kusikia sauti yangu.

Hapo kale, katika nchi ya milima, aliishi fundi viatu na mkewe Nambua. Walikuwa na binti mmoja tu, Nakunda. Mtoto wa fundi viatu, mnajua tena! Alisimama na viatu, akatembea na viatu, akacheza na viatu. Nyayo zake zilikuwa laini kama unga uliokandwa. Baba akafariki, wakabaki mama na mwana.

Nakunda akakua, akaposwa na Senkoro, kijana wa ng'ambo ya mlima. Wanawake wakapiga vigelegele. Nambua akaenda kukaa jikoni, akalia peke yake.

Mnauliza alilia nini? Nchi ile ilikuwa na desturi. Mzazi akizidiwa na ugonjwa, ngoma hupigwa kilima hadi kilima mpaka imfikie mtoto wake aliye mbali. Mtoto akiisikia, huvua viatu palepale, akakimbia peku hadi kitandani kwa mzazi, akamnywesha maji ya mwisho kwa mkono wake. Aliyekuja na viatu hafunguliwi mlango.

Tena watu wa njiani walikuwa wakitazama. Akipita mtu anapiga miguu kwa kishindo, kauma meno, kakunja ngumi, nyayo zinavuja damu, walisema huyo ana uchungu na mzazi wake. Akipita mzima, walimteta mpaka kwa wajukuu zake. Ndivyo walivyokuwa, msiniangalie mimi.

Nambua akamwita binti yake. "Nakunda, vua viatu. Nikufundishe kukimbia."

"Mama, hayo si ya leo."

"Kwako si ya leo. Kifua changu nakijua mwenyewe. Vua, mwanangu. Siku hiyo nataka maji yatoke mkononi mwako."

Mara ya kwanza Nakunda akakimbia kama aliyevaa viatu. Hatua ndefu, kisigino mbele. Pu! Pu! Pu! Hata zizi la mbuzi hakulipita, akakaa chini analia.

Mama akamuuliza, "Unaipiga ardhi hivyo, imekukosea nini?"

Mara ya pili akakimbia kwa woga. Vidole kavikunja, mabega kayapandisha masikioni, pumzi kaibana.

Mama akacheka. "Umejikaza kama mtu anayesubiri kofi! Legeza taya. Shusha mabega. Mikono iwe kama umeshika kifaranga. Hatua fupi, na mguu utue chini ya mwili wako, usiurushe mbele."

Mara ya tatu akakimbia vizuri kidogo kwenye majani, akanogewa. Mama akamshika mkono.

"Bado naweza, mama!"

"Najua. Lakini misuli yako haijazoea. Ukiizidishia leo, kesho hutembei. Twende tukapike."

Basi kila asubuhi, kidogo kidogo, mama yuko pembeni anaimba:

*Goti likunje, bega lishuke,*
*unyayo uguse nchi, uinuke.*

Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja Nambua amekaa uani anachambua maharage, macho kayafumba kwa uchovu. Alipoyafumbua, Nakunda amesimama mbele yake. Hakusikia kitu. Kuku waliolala njiani hawakuamka.

"Hivyohivyo," mama akasema, machozi yanamlengalenga. "Siku ile njoo hivyohivyo. Wakikusema, waache waseme. Damu yako siitaki. Nakutaka wewe."

Nakunda akaolewa, akavuka mlima.

Siku zikapita, miezi ikapita. Asubuhi moja yuko shambani na jembe lake, akasikia ngoma. Akaisikiliza. Ni ya kwao! Akavua viatu, akaviacha kwenye tuta, akaondoka. Hatua fupi, mabega chini, ule wimbo mdomoni.

Akafika mtoni. Wanawake wanafua. "Tazameni huyo! Mama yake anakufa, naye anakimbia kama anaenda harusini!" Nakunda akaimba, akapita.

Akafika sokoni. Wanaume wanauza ng'ombe. "Huyo naye ana moyo? Hata kuchechemea hachechemei!" Nakunda akaimba, sauti imepungua, akapita.

Akafika chini ya kilima cha mwisho. Kando ya njia, mlangoni kwake, amesimama shangazi yake, dada wa marehemu baba yake.

"Nakunda! Ndivyo unavyomlilia mama yako? Kaka yangu angekuona, angeficha uso!"

Ah, jamani. Maneno ya watu baki aliyaweza. Haya yalitoka kwa damu yake, yakamwingia. Akakunja ngumi. Akauma meno. Wimbo ukakatika. Akairusha miguu mbele, visigino vikashuka juu ya mawe. Pu! Pu! Pu!

"Sasa ndiyo unakimbia!" shangazi akashangilia. "Huyo ndiye mtoto wetu!"

Mngekuwepo mngemwambia nini? Mngemwambia alegee. Nami ningemwambia. Hakuwepo wa kumwambia.

Misuli ikakaza. Kisigino kikapasuka. Alikuwa anakimbia, akawa anatembea. Alikuwa anatembea, akawa anachechemea. Alikuwa anachechemea, akawa anatambaa. Na nyumba ya mama yake alikuwa anaiona kwa macho yake, pale mbele, na moshi wake. Jua likasogea, likasogea, likainama.

Alipofika uani, kilio kilikuwa kimeshaanza.

Wanawake wakaona damu, wakampisha njia. "Tazameni nyayo za mtoto huyu! Huyu kweli alimpenda mama yake!" Wakamshika mikono kwa heshima, wakamwingiza ndani.

Ndani alikuwepo jirani aliyemuuguza mama. Kibuyu cha maji bado kiko mkononi mwake, kimejaa.

"Alikunywa?" Nakunda akauliza.

"Hakunywa, mwanangu. Mimi nilimpa, akafumba mdomo. Wenzangu walimpa, akafumba mdomo. Akatuambia, 'Mwanangu yuko njiani. Msimsikilizie, huyo hana kishindo. Mtashtuka tu keshafika.' Basi akawa anatazama mlango."

Nakunda akamtazama mama yake. Macho bado yalikuwa wazi, yameelekea mlangoni.

Akachukua kibuyu, akamtia maji mdomoni kwa mkono wake. Maji yakatoka, yakateremka shavuni, yakaingia kwenye mkeka. Akamtia tena. Yakatoka tena. Mpaka jirani akamshika mkono.

Nje waliendelea kumsifu. Miaka na miaka walimsifu, wakawatajia watoto wao: mkimbilieni mama yenu kama Nakunda. Na Nakunda, kila aliposikia wanaanza, aliinuka akaondoka.

Ngano yangu imefika mlangoni, imekuta kumefungwa. Ingekuwa tamu ningewagawia. Hii ni chungu, niachieni mwenyewe, nendeni mkalale.