Chungu cha Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kiganja.

Cha kupokelea!

Pakawa na chungu.

Cha kungojea!

Haya, na wewe unayesinzia pale nyuma, amka. Hii si ya kulalia.

Hapo zamani za kale palikuwa na Kanga. Alikuwa na kifaranga mmoja tu, wengine wote walichukuliwa na mwewe. Siku moja kifaranga huyo akashikwa na homa. Akatetemeka, akakataa kula. Kanga hakuweza kumwacha, akamwita jirani yake Kima.

"Kima ndugu yangu, kimbia kwa mganga Nungunungu uniletee dawa!"

Kima akaenda mbio. Nungunungu akachuma jani moja, akamtia kiganjani. Kima akalileta, kifaranga akatafuna, homa ikashuka. Jioni homa ikarudi.

Kima akaenda mara ya pili. "Sasa inatakiwa dawa kubwa," akasema Nungunungu. "Mzizi, gome, unga na asali, vyote pamoja. Kimoja kikikosekana, si dawa tena."

"Nipe tu, mganga. Hata miguu yangu inashika!"

Akajaza viganja, akaondoka. Akarukia tawi, gome likamponyoka. Akarukia la pili, unga ukapeperuka. Alifika na mzizi, na harufu ya asali vidoleni. Asali yenyewe alikwisha kuilamba.

Akaenda mara ya tatu. "Changanya uniachie shimoni mwako," akamwambia mganga. "Natafuta jani la mgomba la kufungia."

Nungunungu alikuwa na shimo moja tu la kuchanganyia. Akachanganya. Lakini Kima, penye migomba, aliona ndizi. Mnamjua wenyewe. Huku nyuma akaja Fungo, tumbo limemfunga siku nyingi. Nungunungu, alipoona Kima harudi, akalikwangua shimo, akachanganya dawa ya Fungo, kisha akaenda kuchimba mizizi. Kima akarudi, hakukuta mtu, akazoa alichokikuta.

Lahaula! Kifaranga akanyweshwa dawa ya tumbo la Fungo. Akaharisha hata macho yakamfumba.

Kanga akalia sana. Alipokwisha kulia, akauliza, "Kima, lile jani la kwanza lilifikaje salama?"

"Lilienea kiganjani."

"Na hivi vingine?"

"Havikuenea, dada."

"Na shimo la mganga, ni la nani?"

"La kila anayekuja."

 Kanga akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akakitazama chungu chake. Akakiosha, akakiweka kando ya kiota.

"Nenda tena, Kima. Safari hii usibebe kitu. Beba neno tu: chungu cha Kanga ki wazi, kiko kando ya kiota chake."

Kima akashangaa, lakini akaenda. Punde si punde Nungunungu akaja mwenyewe na mkoba wake. Akatia mzizi, akatia gome, akatia unga na asali, akachanganya mle mle chunguni. Kifaranga akanywa. Akafumbua jicho moja, kisha akadonoa unga uliobaki ukingoni. Kanga akacheka na machozi yakimtoka.

"Mganga, mbona hukuja tangu mwanzo? Mwanangu nusura afe!"

"Bi Kanga," akasema Nungunungu, "ningetia wapi? Hakuna aliyeniambia chungu kiko wapi."

Basi wanangu, kidogo hupokewa kwa kiganja, kingi hutanguliziwa chombo. Ukimwomba mtu kikubwa, kwanza andaa pa kukiweka, kisha umwambie ni wapi.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mwenye kiganja ameshapata, mwenye chungu akakifunike.