Uso wa Kwanza Machoni pa Bi Nakiete

Hapo zamani, kabla barabara haijafika kijijini kwetu Vuagha, kule juu kabisa Upareni, madaktari walitujia kwa miguu. Walikuwa madaktari wa kujitolea. Mwaka mzima walifanya kazi zao mijini, na likizo ikifika, badala ya kupumzika, waliibeba mgongoni wakapanda nayo mlima. Lori liliwaacha bondeni kwenye mashamba ya mkonge, wakapanda. Wakavuka mto, wakapanda. Wakaingia kwenye ukungu, wakapanda, hadi kwenye shule iliyokuwa ng'ambo ya kijito cha kijiji chetu.

Nyinyi mnaokwenda zahanati kwa pikipiki hamwezi kuijua furaha ya siku zile. Madawati yaliunganishwa yakawa vitanda. Mashuka yalitundikwa yakawa kuta. Akina mama, na mama yangu mzazi akiwamo, walipika makande kwenye masufuria ya harusi. Harufu ya spiriti ilichanganyika na moshi wa kuni, na hadi leo nikiinusa spiriti popote nilipo, moyo wangu unarudi Vuagha.

Basi, kijijini aliishi mama mzee aliyeitwa Bi Nakiete. Mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili, polepole, hadi akabaki kuijua asubuhi kwa joto lake tu. Alikuwa na mwana mmoja, Kajiru. Kajiru alimwoa Nakijwa wakati mama yake tayari haoni. Haukupita muda, Kajiru akaugua homa, akafa. Ndugu za Nakijwa wakaja kumchukua.

"Nendeni," Nakijwa aliwaambia. "Nikiondoka mimi, mama atapikiwa na nani?"

Akabaki. Akampikia, akamwogesha, akamshika mkono kwenda kisimani na kurudi. Miaka ikapita. Bi Nakiete aliijua sauti ya mkwewe, aliijua miguu yake ikikanyaga uani, alikijua hata kikohozi chake. Uso wake hakuwahi kuuona.

Jirani yao aliitwa Mbazi. Zamani nyumba zile ziliombana moto na chumvi. Kisha ukaja ugomvi wa mfereji. Mwaka wa ukame, Mbazi aliyageuza maji yote yakaingia shambani kwake, na maharage ya Bi Nakiete yakakauka. Mama yule akasimama mbele ya watu akasema, "Mbazi, leo nashukuru kuwa kipofu, maana sitauona uso wako tena."

Mbazi aliinamisha kichwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo salamu zikakatika.

Mwaka mmoja tukasikia kwamba safari hii madaktari wamekuja na mpasuaji wa macho. Bi Nakiete akakataa kwenda. "Jicho si jipu," alisema. Nakijwa akambembeleza. Akakataa. Akambembeleza tena. Ilipofika siku ya mwisho ya madaktari, ndipo mama aliposema, "Haya, twende, usije ukasema nilikunyima."

Lakini njia ilikuwa na utelezi, na miguu ya mama ilikuwa dhaifu. Vijana wote walikuwa shuleni wakifunga mizigo ya wageni. Mwanamume mwenye nguvu aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu. Nakijwa akaenda kwake, akamkuta juu ya paa akiziba mahali palipovuja.

"Baba, mama anatakiwa ng'ambo kabla madaktari hawajashuka. Mimi siwezi kumbeba."

Mbazi alishuka. "Atakubali nimbebe mimi?"

"Akijua ni wewe, hatakubali."

"Basi asijue."

Akamweka mgongoni, wakamfunga kwa kitenge, safari ikaanza. Njiani mama akauliza, "Mwanangu, wewe ni wa nani?"

Mbazi akaongeza mwendo.

"Ni bubu, mama," Nakijwa alijibu haraka. "Ametoka kijiji cha pili."

Bi Nakiete akacheka. "Afadhali bubu. Yule Mbazi naye angekuwa bubu, angalau nisingemsikia akijitetea kuhusu mfereji." Akaendelea kumsema Mbazi mteremko mzima, naye Mbazi akashuka kimya. Wakavuka kijito, akapanda kimya. Kwenye jiwe lenye ukoga aliteleza. Angeweza kuangukia ubavu akajiokoa, lakini mama angeumia. Akaangukia goti, likapasuka juu ya jiwe. Aliuma midomo, akainuka, akaendelea. Hadi siku alipozikwa, alikuwa mtu wa kuchechemea.

Walipofika shuleni, visanduku vya vifaa vilikuwa vimefungwa. Mawingu yalikuwa mazito. "Mto ukijaa hatuvuki," wenzake walimwambia yule mpasuaji, "na lori halitasubiri."

Mpasuaji alikuwa mwanamke kutoka Pangani, jina lake Daktari Batuli. Nyumbani kwao Pangani, kesho yake, mdogo wake wa pekee alikuwa anaolewa. Batuli ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na ndiye aliyetakiwa kusimama mahali pa mama siku ya harusi. Alimtazama Bi Nakiete macho, akayatazama mawingu.

"Huyu ataona," alisema. "Nyinyi tangulieni."

Akabaki na muuguzi mmoja. Wakafungua visanduku. Alasiri ile, karibu na dirisha, Batuli alilitibu jicho la kulia, akalifunga bandeji. Mvua ikashuka. Mto ukajaa. Lori likaondoka bila yeye, na harusi asingeiwahi tena.

Asubuhi jua likatoka. Watu walijaa darasani kushuhudia bandeji ikitolewa. Muuguzi alimketisha mama kwenye benchi, akaweka kigoda mbele yake.

"Niwekeeni mtu hapo," mama alisema. "Nisije nikaanza na ukuta."

Watu wakacheka. Nakijwa akasogea ili aketi. Ndipo sauti ikatoka mlangoni. "Mama, naomba niketi mimi."

Kicheko kikakatika. "Mbazi?" mama aliuliza. "Nani amekuleta hapa?"

"Ni mimi niliyekuleta wewe."

Mama alinyoosha mkono. Mbazi akachechemea hadi mbele yake, akainama. Vidole vikaligusa bega, bega lile lile alilolishika njia nzima. "Kumbe ni wewe bubu wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Maji niliyachukua, sikatai," alisema Mbazi. "Lakini ulisema hutauona uso wangu tena, na nimeishi na maneno hayo. Ukianza na mimi, nitajua yamekwisha. Ukiniona wa pili au wa tatu, nitakuwa mtu uliyekutana naye tu. Nipeni mimi kigoda."

Nakijwa akasema, "Mimi sijawahi kuomba kitu ndani ya nyumba ile. Mama ameupapasa uso wangu kwa vidole, akaniuliza nafananaje. Kajiru alimwambia kwamba ameoa mwanamke mzuri. Nataka aone kama mwanawe alisema kweli, sasa, wakati bado nafanana kidogo na msichana yule. Nipeni mimi kigoda."

Daktari Batuli alikuwa amesimama kando, kama mgeni anavyokaa kando kwenye mambo ya wenyeji. Halafu naye akasema, "Nyinyi atawaona kesho, na kesho kutwa, na mwakani. Mimi nawafungua watu macho kisha naondoka, na bandeji zao nyingi hutolewa nikiwa njiani. Mto umepungua. Leo nashuka, na huenda nisirudi. Harusi ya mdogo wangu nimeikosa. Nipeni kigoda, niwe na kitu cha kwenda nacho."

Darasa zima likamgeukia mama. Bi Nakiete alikaa, mikono mapajani, bandeji usoni. "Nikichagua mimi, nitawaumiza wawili," alisema. "Nyinyi ndio mnaoona. Chagueni."

Jicho lilipona, wenzangu. Bi Nakiete aliishi miaka mingi akichambua maharage yake mwenyewe mlangoni. Daktari Batuli kweli hakurudi. Barabara ikaja, zahanati ikajengwa, na siku zile za madaktari kutokea kwenye ukungu zikaisha. Wote wanne sasa wamekwisha kufa. Mmoja wa wale watatu walioomba aliketi kwenye kigoda asubuhi ile, na mama yangu alikufa akishikilia kwamba hakustahili, wakati shangazi yangu, aliyekuwa amesimama naye bega kwa bega, alishikilia kwamba alistahili. Sitawatajia jina, maana nikilitaja mtaacha kufikiri.

Basi nanyi ingieni darasani. Muuguzi ameshika ncha ya bandeji, na kigoda hakina mtu. Je, ni nani aliyestahili kuketi?