Mlango Tumboni mwa Sahani

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Zamani, kale na kale, kale yenyewe ilipokuwa ingali yanyonya, huko Urusi, theluji inakoanguka kama usufi, palikuwa na binti mfalme, jina lake Feodora. Akaposwa mbali. Mbali wapi? Mbali, mbali, mbali hata ndege hutua njiani kuuliza.

Desturi ya kwao, binti mfalme akiolewa hutengenezewa vyombo vya kauri, vyeupe, vyembamba, mwanga hupenya. Mfalme akaamuru: "Chora tai, nembo yetu ya kifalme! Tia dhahabu!"

Feodora akamwendea mchoraji, mzee Tihon.

"Babu, tai wamenichosha. Nichoree mlango wa jikoni, mama yangu kasimama, ananiita nikale."

"Binti mfalme, jikoni? Baba yako atanikata kichwa!"

"Dhahabu iweke ukingoni, aione yeye. Mama mweke katikati, chakula kimfunike. Baba hajaona sahani tupu tangu azaliwe!"

Tihon akacheka, akachora.

Feodora akaolewa, akaenda. Lo! Huko ugenini mamamkwe akavifungia vyombo kabatini, ufunguo kiunoni. Vilitoka karamuni tu, tena vimekwisha kupakuliwa chakula. Na ilikuwa mwiko sahani ya bibi harusi kuonekana tupu, wageni wasije wakasema kuna njaa. Feodora akala, mtumishi akajaza. Akala, akajaza. Akala, akajaza! Mawifi wakanong'ona: "Huyu kwao hawapiki?" Naye sura ya mama ilikuwa ikimtoka kichwani, kidogo kidogo, kama mvuke wa chai.

Karamu moja akafunika sahani kwa kiganja. "Imetosha!"

Wajukuu, hata nzi alitua asikilize.

"Mwanangu," akasema mamamkwe, "chakula chetu umekikinai?"

"Sijakikinai, mama. Namtafuta mama yangu."

Akafuta mchuzi kwa mkate. Mlango ukatokea. Mama akatokea, mkono juu ya macho, anatazama njia.

Mamamkwe, ambaye naye aliletwa pale akiwa bibi harusi kutoka mbali, akainama, akatazama, akatazama. Kisha akasema polepole:

"Sahani zangu mimi zilichorwa tai."

Akaufungua ule ufunguo kiunoni, akampa. Tangu hapo wakala sahani moja, huyu upande huu, yule upande ule, hadi wakutane mlangoni.

Basi, wajukuu, anayekwenda mbali msimpambie ukingo peke yake. Mpeni na cha kutazama chakula kikiisha.

Hadithi imefika mwisho wa sahani: utamu uliobaki lambeni ninyi, chumvi iliyozidi niachieni mimi.