Binti wa Ukutani

Tegeni masikio, wenzangu, kisa kinapita. Palikuwa na fundi Nikeforo, aliyepamba kuta za kanisa kwa picha za vijiwe vya rangi. Bintiye Eudokia alipofariki, jini akamtokea, akamwambia, "Mpange ukutani kwa vijiwe vyako, nami nitampa uhai."

Akapanga miguu, ikacheza. Akapanga mikono, ikapunga. Akapanga uso, ukafumbua macho.

"Baba, nishushe!"

Fundi akashika patasi, akabandua kijiwe cha kidole. Mtoto akapiga ukelele, damu ikachuruzika.

"Nilikuahidi uhai," jini akasema. "Kushuka sikukuahidi."

Fundi alizeeka pale chini akimwimbia, hata akafa. Eudokia hajafa. Waingiao kusali humsikia akiuliza, "Baba amelala?" wala hakuna athubutuye kumjibu.

Kisa kimeishia hapo, nami sina la kuwafariji.