Asubuhi Redio Ilipokosa Sauti

"Kosa husomwa, halifukuzwi." Mmeusikia msemo huu leo kwenye darasa la kompyuta, wajukuu zangu, mkaniuliza umetoka kitabu gani. Haukutoka kitabuni. Ulizaliwa hapa hapa Tukuyu, nami nilikuwepo. Methali hii ilianza hivi.

Miaka ile nilisoma habari katika redio ndogo ya jamii pamoja na dada mmoja, Atupele Mwaijande. Kompyuta yetu ilielemewa na virusi hata ikawa inazimika katikati ya taarifa. Fundi mmoja akatuwekea mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, uitwao Linux, kisha akahamia mbali. Hakuna aliyeujua. Atupele akasema atajifunza. Alikuwa amesomea ushonaji, basi. Kila alipomaliza kipindi aliketi mbele ya mashine ile akijaribu amri moja moja, kamusi ya Kiingereza mapajani.

Masika moja, mvua kubwa ilisomba daraja la bondeni. Ilikuwa siku ya gulio. Malori yaliyobeba watu na ndizi yalikuwa yanaondoka vijijini, na ukungu ulikuwa mzito, dereva asingeliona shimo mpaka alifikie. Redio zao ndizo zingewaonya. Tukawasha mitambo: kimya. Sauti zote, hata za maiki, zilipita kwenye kompyuta ile, nayo haikutoa hata mkwaruzo. Kwenye skrini palitokea kisanduku cha maandishi ya Kiingereza.

Meneja wetu, Mzee Gwakisa, alikifunga, akaizima kompyuta, akaiwasha. Kisanduku kikarudi. Akakifunga tena, kikarudi tena. Jasho likimtoka katika baridi ile, akaagiza tufute kila kitu, tuusakinishe mfumo upya. Hiyo ingekuwa kazi ya kutwa nzima.

Atupele akaufunika ubao wa vitufe kwa kiganja.

"Baba, naomba usikifunge. Niache nikisome."

"Mwanangu, watu watakufa bondeni, wewe unataka kusoma?"

"Ndiyo maana nataka kusoma. Tumelifukuza kosa hili, linarudi. Huenda lina neno la kutuambia."

Mzee Gwakisa akamtazama, kisha akainuka, akampisha kitini.

Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kompyuta ilikuwa inalalamika kwamba kifaa ilichoelekezwa hakiwezi kutoa sauti. Kifaa kipi? Akaandika amri ya kuonyesha vifaa vyote vya sauti, na hapo akaelewa. Siku iliyotangulia tulikuwa tumeunganisha maiki mpya. Mfumo ukaipa maiki hiyo namba iliyokuwa ya kadi ya sauti, kifaa kinachotoa sauti nje ya kompyuta, lakini faili la mipangilio likaendelea kuitaja namba ile ile. Sauti zetu zilikuwa zinapelekwa kwenye maiki, na maiki husikiliza tu, haisemi.

Kwanza alinakili faili lile pembeni, ili akikosea apate pa kurudia. Kisha akabadili namba ile moja, hakugusa kingine. Akahifadhi, akaiwasha upya huduma ya sauti, akanisogezea maiki.

Nilikohoa, na kikohozi changu kikasikika kwenye redio ya mlinzi kule getini. Nikasoma onyo, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, nikalirudia mpaka koo likakauka.

Mchana alikuja dereva mmoja, nguo zimejaa tope. Alisimamisha lori mteremkoni, abiria wamejaa juu ya mikungu, mara tu alipotusikia. Aliposhuka kwenda kuangalia kwa miguu, alikuta barabara imekatika mbele yake. Akataka kumshika mkono aliyemwonya. Nilimwelekeza kwa Mzee Gwakisa, naye akamwelekeza kwa Atupele.

"Mshukuru huyu," alisema. "Mimi nililifukuza kosa, yeye akalisoma."

Dereva aliyabeba maneno hayo mpaka gulioni, na gulio likayasambaza. Mafundi wa pikipiki wakayachukua, walimu wakayachukua, hata wakunga. Kila kinywa kikayapunguza kidogo, mpaka yakabaki haya mliyoyasikia leo: kosa husomwa, halifukuzwi.