Kiti Kimoja Nyuma ya Dereva

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali maana sisi wenyewe tuliiona, palikuwa na mji mdogo uitwao Makutano. Uliitwa hivyo kwa sababu reli mbili zilikutana hapo. Nyuma ya stesheni palikuwa na mtaa wa nyumba kumi na mbili za matofali, sita upande huu na sita upande ule, zikitazamana, na katikati yake njia ya kokoto. Katika nyumba hizo walikaa wastaafu. Wengi walikuwa wa reli, na wachache walikuwa wa kazi nyingine, waliokuja kupanga hapo baada ya kustaafu.

Hawakuwa watu wa kukaa bure. Asubuhi walipalilia sukuma wiki, mchana walicheza bao na karata katika klabu ya reli, jioni walitembea hadi stesheni na kurudi.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa kukata pumzi, uliozunguka dunia nzima. Redio ikatangaza kwamba unaua wazee kuliko wengine. Klabu ikafungwa. Kafyu ikawekwa. Watoto wakapiga simu kutoka mijini: Baba, usitoke. Mama, usimfungulie mtu. Wazee wakatii. Milango kumi na miwili ikafungwa, na njia ya kokoto ikaota nyasi.

Katika nyumba nambari saba alikaa Mzee Mwakio, aliyeendesha treni kwa miaka thelathini na sita. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee alifanya kazi nchi za nje. Mwaka mmoja kabla ya ugonjwa alipatwa na kiharusi, si kikubwa, lakini kiliuacha mguu wake wa kulia mzito kama gogo. Klabu ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitini. Klabu ilipofungwa, alikaa. Akakaa siku, akakaa wiki. Binti yake alipomuuliza kwa simu anafanya nini siku nzima, alijibu kwamba anangoja. Binti akauliza anangoja nini. Mzee akamtakia usiku mwema, na yule binti akalia huko aliko.

Mkabala naye alikaa Mwalimu Kavata, mwanamke aliyefundisha michezo katika shule za msingi mpaka alipofika miaka sitini. Alivumilia kufungiwa kwa siku tisa. Siku ya kumi, saa moja asubuhi, alivaa raba zake, akasimama kizingitini kwake na kupuliza filimbi. Milango ikafunguka, maana watu walidhani pana moto. Mwalimu akawaambia kila mtu abaki mlangoni pake, anyooshe mikono juu, na ahesabu pamoja naye hadi ishirini. Walicheka, lakini walinyoosha.

Kesho yake filimbi ikalia tena, na kesho kutwa tena. Siku ya nne akaja chifu, barakoa usoni na fimbo mkononi.

"Mwalimu, mikusanyiko imekatazwa," akasema.

"Mkusanyiko uko wapi? Kila mtu yuko kwake. Pima mwenyewe, kutoka mlango hadi mlango ni hatua ngapi."

Chifu akapima. Zilikuwa hatua kumi na nne. Akasimama akijikuna shingo.

"Wewe nilikufundisha kuruka kamba ukiwa darasa la nne," Mwalimu akamwambia. "Unanijua. Nikianzisha jambo siliachi katikati. Ukitaka kunikamata, nikamate, lakini kituoni pia nitawanyoosha askari wako."

Chifu akaenda zake, na filimbi haikukosa kulia hata asubuhi moja.

Mlango mmoja tu haukufunguka, ule wa nambari saba. Mzee Mwakio alifunga dirisha asisikie. Mwalimu hakumwacha. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, alimwita mbele ya mtaa mzima: "Dereva, simama." Siku ya kwanza hakusimama. Siku ya kumi hakusimama. Siku ya kumi na tisa mlango ukafunguka, na Mzee Mwakio akaonekana ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Baadaye alikiri kwamba alisimama ili yule mwanamke anyamaze tu. Lakini kesho yake alisimama tena. Baada ya mwezi aliweza kutoka kitini hadi mlangoni bila kushika ukuta. Baada ya wiki saba aliweza kutoka kitandani hadi getini na kurudi, na binti yake alipopiga simu, mzee alimwambia afupishe maneno, wakati wa mazoezi umefika.

Katika nyumba nambari kumi na mbili alikaa Bwana Makokha. Kazi yake relini ilikuwa ya ishara: kuinua bendera ya kijani treni ipite, na nyekundu isimame. Mgongo wake ulikuwa mbovu, hakuweza mazoezi ya Mwalimu. Lakini alisema kwamba kwa miaka thelathini na moja haikupita treni asiyoijua, na sasa hatakubali jirani afe bila yeye kujua. Akachana shuka mbili kuukuu, moja ya kijani na moja nyekundu, akagawa vitambaa nyumba zote. Utaratibu ulikuwa huu: ukiamka salama, tundika kijani mlangoni. Ukihitaji msaada, tundika nyekundu. Jioni nikishapita, ondoa. Kisha yeye akawa anapita katikati ya njia, taratibu, barakoa usoni, asubuhi mara moja na jioni mara moja, akitazama mlango mmoja mmoja.

Wapo waliosema anachungulia mambo ya watu. Akaendelea kupita. Mvua ilinyesha, akapita. Siku nyingine mgongo ulimkataa kabisa, akapita ameegemea ufagio.

Na katika nyumba nambari tatu alikaa Bi Zaitun, nesi na mkunga, aliyestaafu akiwa na pumu. Bintiye, Mwanasha, alijua tabia ya mama yake. Alimwapisha kwa simu, kwa Mwenyezi Mungu, kwamba hataingia nyumba ya mtu yeyote mpaka ugonjwa uishe. Bi Zaitun akaapa. Akatoa cherehani yake, akakaa barazani, akashona barakoa kutwa nzima na kuzitundika kwenye mageti ya majirani. Kutoka barazani aliwafundisha kunawa, na aliwagombeza waliofunika mdomo na kuacha pua. Lakini mguu wake haukuvuka kizingiti cha mtu.

Basi mtaa ukaenda hivyo. Filimbi ikilia, milango inafunguka, vitambaa vinatundikwa, cherehani inanguruma. Siku sabini zikapita, na hakuna aliyeugua.

Siku ya sabini na nne kulikucha baada ya mvua kubwa ya usiku. Filimbi ikalia. Milango kumi na mmoja ikafunguka. Mlango wa nambari saba haukufunguka, ila kitambaa cha kijani kilikuwa kimening'inia hapo. Mwalimu Kavata aliita, "Dereva, simama," mara moja, mara mbili. Alipokiona kitambaa cha kijani alifikiri mzee ameamka na anajivuta tu. Akaendelea na wengine.

Bwana Makokha akapita kama kawaida. Alipofika nambari saba akasimama. Vitambaa vyote alivyoviona asubuhi ile vilikuwa vikavu. Hiki kilikuwa kinadondosha maji. Akaelewa kwamba hakikutundikwa asubuhi, kimelala nje na mvua tangu jana. Akaenda mlangoni, akabisha. Kimya. Akasukuma. Mlango ulikuwa wa mbao nene za reli, umefungwa komeo kwa ndani, na madirisha yana vyuma. Akapiga mlango kwa mti wa ufagio aliokuwa akiuegemea na kumwita mzee kwa jina lake.

Watu wote wakasimama vizingitini wakisikiliza. Ndani kukasikika kitu kinagonga sakafu. Kisha kimya. Kisha mwili unajikokota, unatua, unajikokota tena. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe komeo likalia, mlango ukafunguka kiasi cha kiganja, na Mzee Mwakio akaanguka kifudifudi nyuma yake. Joto la mwili wake Makokha alilihisi akiwa bado nje.

Makokha akarudi nyuma. Hatumlaumu, maana kila mtu alirudi nyuma. Walipiga simu ya gari la wagonjwa, wakaambiwa mto umefunika barabara, litafika kesho likifika. Wakabaki wamesimama, na yule mzee yuko sakafuni, na kila pumzi yake inasikika njiani.

Bi Zaitun akaingia kwake. Akatoka amevaa aproni, glavu, na barakoa mbili moja juu ya nyingine. Simu yake ilikuwa mkononi, Mwanasha yuko hewani, na sauti yake ilisikika njia nzima.

"Mama, uliapa."

"Niliapa, mwanangu, na leo navunja kiapo changu. Nitafunga siku tatu kulipa. Mungu anajua hesabu yake na mimi."

"Na pumu yako, Mama?"

"Ninakwenda nayo," akasema. Akakata simu, akavuka njia, akaingia nambari saba, akafunga mlango.

Alikaa humo siku kumi na moja. Alimlaza mzee kwa tumbo ili apumue, akamgeuza kila baada ya saa mbili, akamlisha uji kwa kijiko, akamfuta jasho. Gari lilipofika kesho yake, vitanda vya hospitali vilikuwa vimejaa kila mahali. Wahudumu wakamwachia Bi Zaitun mtungi mmoja wa hewa na kumwombea heri. Majirani waliweka chakula na maji ya moto mlangoni, kisha wakarudi makwao. Siku ya nane Bi Zaitun mwenyewe akaanza kukohoa. Hakutoka. Siku ya kumi na moja Mzee Mwakio aliomba chai, akaionja, akauliza kwa nini haina sukari. Mtaa mzima ukasikia habari hiyo kabla chai haijapoa.

Mzee alipona. Bi Zaitun naye alipona, lakini si kama zamani. Hata leo akipanda ngazi nne husimama katikati kutafuta pumzi. Alipopata nguvu alifunga siku zake tatu.

Ugonjwa ukapungua, klabu ikafunguliwa. Hapo ndipo ilipokuja barua. Reli ya kwenda ziwani, iliyokuwa imekufa miaka mingi, ilikuwa imekarabatiwa, na treni ya kwanza ingepita Makutano. Shirika lilimwalika dereva mstaafu mwenye umri mkubwa kuliko wote walio hai asafiri ndani ya kichwa cha treni, kando ya dereva. Dereva huyo alikuwa Mzee Mwakio. Na kwa sababu ya umri wake, aje na mtu mmoja wa kumsindikiza, atakayekaa kwenye kiti kilicho nyuma ya dereva. Mtu mmoja, kiti kimoja. Jina litumwe kabla ya Ijumaa.

Mzee Mwakio akawaita wote watatu sebuleni kwake, akawasomea. Alitumaini kila mmoja atamsukumia mwenzake, na mwisho mmoja atakubali kwa aibu. Haikuwa hivyo.

Mwalimu Kavata akasema: "Kiti ni changu. Asubuhi ile mlango ule usingevunjika hata kwa shoka. Ni wewe uliyejikokota kutoka kitandani ukafungua komeo. Miguu hiyo ulipewa na nani? Nilikuita siku kumi na nane bila jibu. Mtu mwingine angeacha siku ya tatu. Bila mimi wangekuzika na kiti chako."

Bwana Makokha akasema: "Mwalimu aliona kitambaa kilekile nilichokiona mimi, akaendelea kuhesabu. Mimi ndiye niliyesimama. Miguu yako ingekusaidia nini, Mzee, kama hakuna aliyekuamsha uielekeze mlangoni? Na nikuambie jambo. Miaka thelathini na moja nimewapungia bendera watu wa ndani ya kichwa cha treni. Sijawahi kukaa humo hata dakika moja."

Bi Zaitun alingoja pumzi yake itulie.

"Wao walikufikisha mlangoni," akasema. "Mlangoni ulikuwa unakufa. Wote walikuwepo, wakatazama. Mimi nilivunja kiapo, nikaingia na kifua changu kibovu, na kifua hicho sikurudi nacho. Mwanasha ameolewa huko ziwani. Miaka miwili sijamwona, na basi siliwezi, vumbi lake litaniua. Sitasema niwaachie wengine, maana nakitaka."

Mzee Mwakio akaandika kuomba viti viwili zaidi. Wakamjibu kwamba nafasi hakuna. Akasema basi yeye abaki nyumbani, waende wao. Wakamkatalia kwa sauti moja. Mwalikwa ni yeye, na hata hivyo viti vingekuwa viwili kwa watu watatu. Akasema basi wachague jina kwa bahati nasibu. Mwalimu Kavata akamwambia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyempa uhai kwa kubahatisha, naye asiwalipe kwa kubahatisha. Wenzake wakatikisa vichwa kukubaliana naye.

Hawakugombana. Asubuhi iliyofuata Mwalimu alipuliza filimbi, na wote wanne wakatoka vizingitini mwao kama kawaida. Lakini hakuna aliyeondoa dai lake, wala hakuna aliyelipunguza.

Sasa ni Alhamisi jioni. Mzee Mwakio amekaa mezani, kalamu mkononi, na karatasi ina mstari mmoja wa jina moja. Mnaonisikiliza, mwambieni aandike lipi: la aliyempa miguu, la aliyeona kitambaa kimelowa, au la aliyevunja kiapo akaingia? Je, kati yao, nani anastahili kiti?