Waya wa Tatu wa Ambokile

Mtu mmoja alikuwa na mama na alikuwa na birika, na kati ya mama na birika palikuwa na safari ya siku nzima ambayo hakuwa ameisafiri kwa miaka sita. Mtu huyo ni Ambokile, mhandisi wa kubuni vyombo vya umeme katika kiwanda kimoja cha mjini. Mama yake aliishi Rungwe, kwenye mvua na migomba, kwenye baridi inayomfanya mtu akumbatie kikombe kabla ya kukinywea. Siku taa ilipowaka nyumbani kwake, mama alipiga simu.

"Umeme umefika, mwanangu," alisema. "Sasa umebaki wewe."

Ambokile alicheka. Akaapa moyoni kumbunia birika. Ndivyo tulivyo wengi: tukiitwa sisi, tunatuma chombo.

Akalibuni la chuma, linang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Akaliwekea nyaya mbili tu na plagi ya miguu miwili, liwe jepesi. Alijua soketi za kwetu zina matundu matatu, na alijua tunavyofanya: tunachokoa tundu la juu kwa kijiti, plagi inaingia, maisha yanaendelea. Hata yeye alichaji simu yake hivyo.

Kiwandani hapo chombo hakikutoka mpaka kipite mezani kwa Bi Namsifu, mpimaji wa usalama, mwanamke mfupi aliyekataa vyombo vingi kuliko mrembo anavyokataa wachumba.

"Atakayelitumia ni nani?" aliuliza.

"Watumiaji," alijibu Ambokile.

"Watumiaji hawana miguu, baba. Nitajie mtu mmoja, halafu nionyeshe anavyolishika."

Ambokile akamtaja mama yake, akamwigiza. Akajifunga khanga isiyokuwepo, akaja pekupeku kama anayetoka kuosha vyombo, mikono inachuruzika, akamgombeza kuku aliyemkatisha njia, akashika birika. Chumba kizima kiliangua kicheko. Mlinzi aliacha geti akaja kuchungulia.

Bi Namsifu hakucheka. Alichukua kalamu, akagusa tumbo la birika, akagusa mkono wa Ambokile uliojifanya umelowa, akashuka nayo taratibu mpaka kisiginoni. Waya mmoja ukichubuka humo ndani, hiyo ndiyo njia ya umeme. Ambokile aliiona njia ikipita katikati ya mama yake, na kicheko kikamkauka. Akaona na jambo jingine: mama aliyemwigiza alikuwa wa miaka sita nyuma. Hakujua kama bado anatembea vile.

Akarudi kujifunza upya kazi aliyodhani anaijua. Miezi kumi alichubua nyaya kwa makusudi, akachemsha birika tupu, akalimwagia maji, akilitafutia kosa kabla kosa halijamtafuta mtu. Akaongeza waya wa tatu, na plagi ikapata mguu wa tatu. Waya wa kwanza huleta umeme, wa pili huurudisha. Wa tatu hauna kazi. Unangoja tu, mwaka baada ya mwaka, siku umeme utakapotoroka na kulishika chuma, uupokee wote na kuupeleka ardhini usimpitie mtu. Kila Jumapili mama aliuliza birika limefika wapi. Kila Jumapili Ambokile alijibu, linakuja.

Hatimaye Bi Namsifu alilipima, akaligeuza, akalipima tena. "Limepita," alisema. Ambokile alikuwa ameshafungua boksi la kulituma nyumbani, ndipo yule mwanamke akaushika waya wa tatu kwa vidole viwili.

"Na huu, kwa mama yako, unaishia wapi?"

Ambokile aliona hilo halipimiki pale mezani. Akafunga boksi, akalipakata mwenyewe mpaka Rungwe.

Alimkuta mama amepungua, khanga inamzunguka mara mbili. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, na juu yake hapakuwa na kitu. Kilikuwa kikingoja tangu ile miezi kumi ianze. Ambokile hakuliweka birika. Alizima swichi kuu, akafungua soketi. Waya wa tatu ulikuwamo, umekatwa, umekunjwa ndani ya ukuta kama mkia wa mbwa aliyelala. Haukwenda popote.

Akatoka nyuma ya jiko, pale mama anapomwaga maji ya vyombo, ardhi haikauki na umeme huzama upesi. Akachimba, akagongomea fimbo ya shaba aliyokuja nayo, mvua ikimnyeshea. Mama akaja na jani la mgomba, akamfunika kichwa.

"Miaka yote hiyo ya shule," mama alisema, "na umekuja kuchimba shimo?"

"Ndilo somo nililofeli, mama."

Akauunga ule waya wa ukutani na fimbo, akaupima, akaupima tena. Kisha akawasha swichi kuu, birika likakaa juu ya kitambaa, na maji yakaanza kuimba. Mama alilishika kwa mkono uliolowa, miguu mitupu, akamgombeza kuku vilevile, ila sasa alitembea polepole zaidi. Ambokile alimtazama, naye hakuwa na kazi yoyote ila kuwapo.

Nawe uliyetuma vitu vingi nyumbani: waya wako wa tatu umefika ardhini, au umekunjwa ndani ya ukuta?